Biharusi Alileta Picha, Jina Likawa la Mtu Mwengine



Leo hatuzungumzii gauni, ingawa gauni ndilo lililotufikisha hapa. Alikuja dukani kwetu biharusi mmoja na mama yake mdogo, kutaka gauni la usiku wa hina. Lesi zote tulizomteremshia hazikumkaa moyoni. Mwisho akatoa simu akatuonesha picha. Waridi, njano, buluu iliyofifia, na juu yake nyuzi nyuzi za rangi zimepita, zimezungukana, zimekatana, kama mtu kamwaga mikebe yote ya nyuzi ya duka kisha ukaja upepo.

"Nataka kitambaa kiwe hivi, dada."

"Umekiona wapi? Ni hariri?"

"Si kitambaa. Ni picha ya ukutani. Ya yule Mmarekani aliyekuwa akimwaga rangi chini."

Mama mdogo akaichukua simu, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. "Wanangu," akatwambia, "mimi naona kama kile kitambaa mafundi rangi wanachopangusia mikono." Tukacheka sote, biharusi akanuna kidogo.

Tulimwomba aturushie ile picha, tukamwambia tutaangalia kama yuko mtu Dar anayeweza kutuchapishia kitu cha namna hiyo. Na usiku, baada ya kufunga duka na kuswali Isha, tukakaa kuitafuta mtandaoni tupate iliyo safi zaidi. Ndipo tulipogundua kwamba biharusi wetu amepoteza jina njiani.

"Yule Mmarekani" ni Jackson Pollock. Huyo anajulikana dunia nzima kwa kutandika turubai sakafuni na kuchuruzisha rangi juu yake. Lakini picha ile si yake. Inaitwa Milky Way, kwa jina la ule mkondo wa nyota unaoonekana angani kama maziwa yaliyomwagika usiku wa kiza. Ilichorwa mwaka 1945, na aliyeichora ni mwanamke, Janet Sobel, mzaliwa wa Ukraine, mama wa watoto 5, akiwa amevuka miaka 50. Pollock alianza zile picha zake za kuchuruzisha zilizompa jina mwaka 1947. Hesabu wenyewe.

Tangu usiku ule hatujaacha kumfikiria mama huyu. Tumesoma tulichoweza kupata juu yake. Sisi elimu yetu ni ya sekondari na kozi ya ushonaji, kwa hiyo msitutarajie kuzungumza kama watu wa vyuo vya sanaa. Lakini kuna mambo katika habari zake ambayo fundi cherehani anayaona upesi kuliko profesa.

Alizaliwa mwaka 1893 karibu na mji uliokuwa ukiitwa Ekaterinoslav, ambao leo ni Dnipro, wakati Ukraine ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Jina la Janet lilikuja baadaye, Marekani. Watu wake walikuwa Mayahudi, na baba yake aliuawa katika zile ghasia za kuwavamia Mayahudi zilizokuwa zikizuka huko mara kwa mara. Mama yake alikuwa mkunga. Mjane yule akakusanya watoto wake akavuka nao bahari, na mwaka 1908 wakafika New York. Binti alikuwa bado kijana mdogo. Haikupita miaka mingi akaolewa na Max Sobel, wakakaa Brooklyn, wakazaa, wakalea.

Hapo katikati kuna miaka kama 30 ambayo wanaoandika habari zake huivuka kwa sentensi moja. Aliolewa, akazaa, kisha "ghafla" akaanza kuchora. Sisi hiyo ghafla hatuiamini. Mwanamke aliyeendesha nyumba ya watoto 5 amekata, amepima, amepanga rangi za mapazia, ametia viraka, amepamba meza za sikukuu mamia ya mara. Mkono wake haukuwa umelala. Ulikuwa haujapewa karatasi tu.

Karatasi aliipata kwa mwanawe. Mtoto wake mmoja, Sol, alikuwa anasomea uchoraji, na inasimuliwa kwamba alifika mahali akataka kuacha. Mama akamsihi asiache. Kijana akamjibu kwa hasira ya ujana: kama unaipenda sana kazi hii, chora mwenyewe. Basi akachora. Alichukua alichokipata, makaratasi yaliyokwishatumika, migongo ya bahasha, rangi za mwanawe. Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1930, yeye akiwa na miaka 45 hivi. Na Sol, tumpe haki yake, alipoona mama yake anafanya nini hakuona wivu wala aibu. Alikaa akaandika barua kwa watu wakubwa wa sanaa na elimu kuwaeleza habari za mama yake. Mwanafalsafa John Dewey, ambaye jina lake walimu wetu wanalijua, alikuwa mmoja wa waliovutiwa, akaandika maneno ya kumuunga mkono mama huyu alipofanya maonyesho yake ya kwanza peke yake New York mwaka 1944. Tunawaombea nyote mpate watoto wa kiume wa namna hii.

Picha zake za mwanzo zina watu. Kuna wanawake wenye macho makubwa, familia, askari na mizinga, maana vita vya pili vya dunia vilikuwa vinaendelea na kule alikozaliwa kulikuwa kunateketea. Na kila penye nafasi kuna ua. Maua yamejaa pembeni, yamejaa kwenye nguo, yamejaa hewani. Wanaozijua kazi za mikono za Ukraine, yale matarizi ya mashati na rangi za kuta za vijijini, wanasema wanaiona nchi yake mle ndani. Sisi tukaona pindo. Wenyewe mnajua kanga ina pindo na mji: pindo linazunguka, mji uko katikati, na jicho linajua pa kwenda. Picha zake za mwanzo nyingi ziko hivyo, zina pindo la maua na mji wenye watu.

Halafu, ndani ya miaka michache, pindo likaondoka. Mji nao ukaondoka. Rangi zikatambaa kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, na hakuna mahali pamoja panaposema "nitazame mimi". Hiyo ndiyo Milky Way. Wataalamu wanaihesabu katika sanaa ya dhahania, ile isiyochora mtu wala mti wala nyumba, bali inaacha rangi na mwendo wa mkono viseme. New York ya miaka ya 1940 ndiko ilikokulia namna hii ya uchoraji, na walioibeba majina yao yakawa makubwa mno, karibu wote wanaume. Mama mdogo alipoigeuza simu juu chini hakuwa amekosea chochote, picha kwa kweli haina juu yake wala chini yake ya wazi. Fundi anazipenda vitambaa vya namna hii. Ua likienea jora zima huna haja ya kulinganisha maua kwenye mshono wala kupoteza nusu mita kutafuta upande. Kumbe kwa wachoraji jambo hilo lilikuwa jipya, hata likapewa jina lake katika vitabu vyao. Nasi tunajiuliza, nani angelizoea mapema kuliko mwanamke anayeshika vitambaa kila siku?

Na alivyoifanya kazi yenyewe ndiko kunakotufurahisha zaidi. Mumewe alikuwa na biashara ya mapambo ya bandia. Ndiyo, dada zetu, mikufu na hereni kama hizi seti tunazozikodisha na kuzivaa harusini. Katika kazi ile kulikuwa na mirija myembamba ya kioo. Janet akaichukua, akaitumia kudondoshea na kurushia rangi. Rangi zake zilikuwa enameli, jamii ya zile zinazong'aa za kupakia milango na vyombo, ambazo zikiwa majimaji hutiririka. Alitandika kazi chini, akalala kifudifudi juu ya sakafu akafanya. Aliinamisha turubai ili rangi ikimbie upande anaoutaka. Aliipuliza kwa pumzi yake. Na kuna wakati alitumia mashine ya kufagilia inayonyonya vumbi ili kuivuta rangi ivutike iwe uzi mwembamba. Angalieni tena zile nyuzi za Milky Way mkijua hivyo. Mwanamke amechukua kitu cha dukani kwa mumewe na kitu cha kufagilia zulia, akafanya nacho kitu ambacho hakikuwa kimeonekana.

Picha yenyewe si kubwa. Ina kimo cha kama sentimita 114 na upana wa sentimita 76, chini ya upana wa kanga. (Kwa wanaouliza habari za nyuso kwenye picha: katika hii hakuna uso. Hizo zake nyingine zenye watu, kila mtu na sheikh wake.)

Basi kwa muda mfupi dunia ilimwona. Mfanyabiashara wa sanaa Sidney Janis alimtia katika kitabu chake cha mwaka 1944. Peggy Guggenheim, tajiri aliyekuwa na ukumbi wa sanaa uliokuwa ukitazamwa na kila mtu New York, alimweka kwenye maonyesho ya wanawake mwaka 1945, kisha mwaka 1946 akampa maonyesho yake peke yake. Na ukumbini mle alipita Pollock, akafuatana na mhakiki Clement Greenberg, mtu ambaye kalamu yake ilikuwa ikiweza kumpandisha mchoraji au kumshusha.

Haya yafuatayo hatuyatoi kwa wenye wivu. Ameyaandika Greenberg mwenyewe, katika makala iliyomo kwenye kitabu chake cha mwaka 1961. Anasema kwamba yeye na Pollock walizitazama picha za Sobel na zikawavutia, tena anasema walizipenda kwa kujificha kidogo. Anasema ilikuwa mara yake ya kwanza kuona picha iliyoenea namna ile bila ya pindo wala mji. Na anasema Pollock baadaye alikiri kuwa picha zile zilimwachia athari. Lakini katika kumtaja mwenye picha, akamweka kwenye kundi la wasiosomea, na akaongeza kuwa alikuwa, na angali ni, mama wa nyumbani anayeishi Brooklyn.

Soma tena: angali ni. Wakati kitabu kile kinachapishwa, Janet Sobel alikuwa ameshaondoka Brooklyn miaka 15. Familia ilihamia Plainfield, New Jersey, mwaka 1946, kuwa karibu na shughuli za biashara yao. Yaani mhakiki yule hakuwa na haja hata ya kuulizia mama yuko wapi. Kwake yeye mama wa nyumbani ni kama kabati, ukiliacha mahali utalikuta hapo hapo.

Baada ya kuhama mambo yake yalififia. Guggenheim alifunga ukumbi wake mwaka 1947 akarudi Ulaya. Janet akapata mzio wa rangi, ikabidi aziache zile za majimaji ashike kalamu za rangi kama za watoto. Sisi tuliowahi kuwaona mabiharusi waliovimba mikono kwa piko siku mbili kabla ya harusi tunajua mzio si mchezo. Halafu kulikuwa na kiwanda cha mapambo, na ikafika siku akahitajika kusaidia kukiendesha. Mwaka 1949 gazeti la Life la Marekani liliuliza juu ya Pollock kama si yeye mchoraji mkubwa kuliko wote walio hai nchini humo. Janet wakati huo alikuwa Plainfield akiangalia mambo ya familia. Alifariki mwaka 1968, na mwaka huo huo familia yake ikaipa Milky Way Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, ambako iko mpaka leo.

Sasa maoni yetu.

Kuna wanaosema Pollock alimwibia. Sisi hatuendi huko. Anayeshona anajua kuwa hakuna mshono ulioshuka kutoka mbinguni. Tumeona shingo ya gauni kwa mtu tukaichukua, mtu akaona mikono yetu akaichukua, na katika kuchukuana huko ndiko kazi inakua. Pollock naye alifanya kazi kubwa na ndefu juu ya alichokiona. Kosa tunaloliona sisi ni dogo kwa sura, na madhara yake ni makubwa: kupenda kwa kujificha, kisha kutaja bila jina lenye heshima. Kama Greenberg angeandika tu "mchoraji Janet Sobel", biharusi wetu asingetwambia "yule Mmarekani".

Na hatulipendi kabisa lile neno la mama wa nyumbani linavyotumiwa kama kifuniko cha sufuria. Hatulitukani, wengi wetu ndivyo tulivyo na wengine tunatamani tungekuwa. Tunakataa tu lisemwe kana kwamba linaeleza kwa nini kazi ni ya bahati nasibu. Mama huyu hakufanya vile ingawa alikuwa nyumbani. Alifanya vile kwa vitu vya nyumbani, kwa mikono iliyofundishwa na nyumba. Mirija ile mwanafunzi wa chuo angeitoa wapi?

Tulikuwa tumeshaandika mpaka hapa, tumeridhika na nafsi zetu, tukitaka kumalizia kwa kuwasema wanaume. Kisha tukaangalia ukutani kwetu.

Duka letu lina gauni la mfano ambalo kila biharusi akiingia analishika. Ushanga umeenea kifuani mpaka kiunoni, punje kwa punje, hakuna pengo. Ndani ya shingo kuna lebo yenye jina la duka letu. Ushanga ule hatukuupachika sisi. Kaupachika mama mmoja wa shamba, nyumbani kwake, mchana watoto wakiwa skuli. Ametufanyia kazi miaka 6. Ujira wake tunampa kwa wakati, hilo alhamdulillah. Lakini mwaka juzi mteja alituuliza, "Nani kafanya ushanga huu?" nasi tukajibu, bila kupepesa, "Mafundi wetu."

Mafundi wetu. Mama wa nyumbani wa Brooklyn. Tuliona haya, wallahi.

Na si sisi tu. Nenda popote hapa kisiwani pauzwapo kofia za kushonwa kwa mkono, zile ambazo mabwana harusi wenu watazivaa kwenye nikaha, muulize muuzaji kashona nani. Ataijua bei, ataijua aina ya uzi, atakwambia kofia kama hii hukaa mkononi kwa wiki na wiki. Nani? "Wanawake wa shamba." Hata kanga zetu, zile zenye maandishi, maandishi yake tunayaita jina. Kanga ina jina, aliyeuchora ule mji hana.

Dada mmoja tunayemheshimu alitusomea rasimu ya makala hii akatutahadharisha. Akasema mwanamke Muislamu kutotaka jina lake litangazwe ni sitara na ikhlasi, na sisi tusije tukawafungulia watu mlango wa kujionesha. Tulilipokea. Kuna wanaotaka kufichika na hiyo ni haki yao na ujira wao uko kwa Mola wao. Ila ikhlasi anaichagua mwenye kazi kwa nafsi yake. Mwenye duka hawezi kumchagulia fundi wake ikhlasi huku lebo akaweka jina la duka.

Kwa hiyo tukapanda daladala tukaenda kwa yule mama. Tulimchukulia kilo ya sukari na picha ya Milky Way kwenye simu. Tukamsimulia kisa chote, Ukraine, mirija, Brooklyn. Alisikiliza huku anatunga ushanga, hakuinua macho mpaka tulipofika kwenye mashine ya kufagilia. Hapo akacheka mpaka akaweka sindano chini. Kisha akaichukua simu akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaikuza tena, akafuata uzi mmoja mweupe kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Huyu alikuwa na subira," akasema.

Tukamwambia tunataka kuweka jina lake kwenye magauni. Akatutazama kwa muda.

"Jina si baya," akatujibu. "Lakini wanangu, kwanza niongezeni bei ya gauni. Jina halinunui mchele."

Tukaongeza. Tulikaa pale tukahesabu siku anazotumia, si punje kama tulivyozoea, na hesabu ikatuonesha tulikuwa tunampunja bila ya kujua, au kwa kutotaka kujua. Kuhusu jina alisema hataki likae nje wala kwenye mtandao, mumewe hatapenda na yeye mwenyewe hapendi. Likae ndani, kwenye mshono wa ubavu, biharusi ajue na waliokuwa wakimvisha wajue. Tukakubaliana hivyo. Nanyi wenye maduka kama yetu hatuwaambii mfanye hivi hivi, kwa sababu fundi wenu huenda akataka jingine. Tunawaambia mkamuulize. Na nyinyi mabiharusi, mnapouliza bei ulizeni na hilo, maana swali la mteja lina nguvu kuliko makala.

Picha ya Milky Way hatukuichapisha kwenye kitambaa. Si yetu, na baada ya yote hayo ingekuwa kituko. Biharusi tulimueleza, akakaa kimya, kisha akasema, "Basi nishonewe kwa jicho lile, si kwa picha ile." Tukachukua neti ya rangi ya waridi, mama wa shamba akapitisha juu yake ushanga mdogo mdogo na uzi wa njano na wa buluu, ukitembea tu, bila pindo, bila mji, kutoka bega mpaka ncha ya mkia. Ilimchukua wiki 5.

Siku ya kulichukua mama mdogo alikuwepo. Akalishika gauni, akalitazama, akaanza kuligeuza kama alivyoigeuza ile simu, mpaka akalitoa nje ndani. Akauona mshono wa ubavuni, na lile jina lililotariziwa kwa herufi ndogo.

"Huyu ndiye nani?"

Tukamwambia. Ndiye aliyeufanya ushanga, na anakaa mahali fulani, na mbali na kazi zetu anapokea kazi za watu.

Akafikiri. Ana binti yake anayefuata, harusi ni baada ya Mfungo Tatu. Akafungua mkoba akatoa simu akatuomba namba yake.

Tukatazamana. Kisha tukampa.